Vigae vya Mtaa Wetu ni Amana ya Nani?



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ndugu zangu wanafunzi, katika toleo hili nataka tujadiliane swali ambalo sijaliona katika mtaala wetu, ingawa majibu yake yametawanyika katika milango ya fiqhi tunayoisoma kila muhula. Mtu akichimba ardhi ya mtaa wa zamani akakuta vitu vya watu waliokaa pale kabla yake, vitu hivyo ni vya nani? Na je, ana wajibu wowote kwa wenyewe ambao wamekwisha kufa?

Kwa sisi wa Gisenyi swali hili halipo mbali. Mji wetu unajengwa upya kila siku. Nyumba za udongo na mabati zilizojengwa na babu zetu zinavunjwa, na mahali pake inapanda ghorofa. Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ilipasua kuta nyingi upande wetu wa mpaka. Mafuriko ya usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, ambayo Mto Sebeya ulifurika, yalibomoa nyumba nyingine na kuchukua roho za watu. Kila nyumba inapoanguka na msingi mpya kuchimbwa, jembe linatoa kitu: kipande cha bakuli la kauri, shingo ya chupa, ushanga, kifuniko cha birika, mdomo wa chungu wenye masizi. Mafundi huvirusha pamoja na kifusi, na watoto huviokota kuchezea. Nimewahi kumwona mzee mmoja wa mtaa akiokota kigae chenye ua la buluu, akakifuta kwa kanzu yake na kukitia mfukoni bila kusema neno.

Hapa tunazungumzia watu wa namna gani? Wengi wetu tunajua kwamba Uislamu ulipata nguvu katika miji ya Rwanda wakati wa Wajerumani, kwa wafanyabiashara, askari na makarani waliotoka pwani na Tanganyika. Msikiti wa Al-Fatah kule Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1916 hawakutaka Waislamu wachanganyike na wananchi wengine. Wakawatenga katika mitaa iliyoitwa kambi za Waswahili, na kutoka nje kwenda vijijini kulihitaji kibali. Kwa hiyo majumba mazuri ya ufukweni mwa ziwa yana picha na kumbukumbu katika vitabu vya Wazungu, lakini mtaa wa Waswahili umeandikwa humo kama tatizo la utawala. Ukitaka kujua bibi zetu walipika nini, walikunywa kahawa kwa vikombe gani, na watoto wao waliandika kwa ubao gani chuoni, mahali pa kuuliza ni wawili tu: wazee waliobaki, na ardhi.

Kisima na kasri

Wapo ndugu wanaoona kwamba kushughulika na mabaki ni upuuzi, na wengine wanahofia kwamba ni mlango wa kutukuza makaburi. Hofu hiyo ina msingi wake na siibezi. Lakini tuisome Suratul Hajj, aya ya 45 na ya 46. Mwenyezi Mungu anataja miji iliyoangamia, na katika mabaki yake anataja vitu viwili: kisima kilichoachwa na kasri lililoinuliwa. Kisha anauliza kwa nini watu hawatembei katika ardhi wakapata nyoyo za kufahamu. Kasri ni la mkubwa, ila kisima ni cha kila mtu. Ni cha mwanamke aliyekwenda na ndoo asubuhi na cha mchungaji aliyenywesha mbuzi wake. Vyote viwili vimewekwa mbele ya macho yetu tuvizingatie.

Pia tukumbuke kisa kilichomo katika Sahih Muslim kuhusu Abdullah bin Zubayr. Baada ya Kaaba kuungua mwaka 64 Hijria, alichimba mpaka msingi wa Nabii Ibrahim (A.S.) ukaonekana, akawaonyesha watu, ndipo akajenga juu yake. Alitegemea maneno ambayo mama yake mdogo, Bibi Aisha (R.A.), aliyapokea kwa Mtume (S.A.W.). Huku ni kuchimba ili kupata ushahidi, na watu wakaitwa waushuhudie. Hawakuuabudu msingi ule. Waliutazama, wakajua, wakaendelea na kazi.

Kwa hiyo sioni kosa katika kuchimba kwenyewe. Tatizo linaweza kuwa katika kile anachokitafuta mchimbaji. Nimeona kwamba anayefukua ardhi ya watu waliotangulia huvutwa na mambo matatu: hazina, aibu, au hoja ya kwamba yeye ndiye wa kwanza. Tuyachunguze moja moja.

Wanaotafuta hazina

Wanafiqhi wetu waligawa mali inayopatikana ardhini sehemu mbili. Kuna rikazi, yaani mali iliyozikwa zama za Jahiliya. Huyo aliyeipata ataimiliki, ila atatoa khumusi, sehemu moja ya tano. Na kuna lukata, yaani mali iliyompotea mwenyewe, ambayo aliyeiokota ni lazima aitangaze mwaka mzima. Utatofautishaje? Wakasema tazama alama. Kama ni sarafu yenye aya au jina la mfalme wa Kiislamu, hiyo ni lukata, haiwi rikazi. Karne nyingi kabla ya vyuo vikuu vya Ulaya kufundisha akiolojia, mwanafunzi wa madrasa alikwisha kuambiwa asome maandishi ya sarafu kabla hajaitia mkononi.

Chukua mfano wa Songo Mnara, mji wa mawe karibu na Kilwa uliokaliwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Wanaakiolojia waliochimba huko tangu mwaka 2009 wamekuta sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ndani ya nyumba na penye makaburi, na nyingine zilikuwa zimefichwa pamoja kama akiba. Sarafu hizo zina majina ya Waislamu. Kwa kipimo cha fiqhi tuliyosoma, anayezikuta hana ruhusa ya kusema, "Bahati yangu, naziuza." Ni mali ya watu ambao hatuwajui kwa majina, lakini tunawajua kwa dini yao.

Lakini vigae vyetu vya Gisenyi havina thamani ya sokoni. Hadithi ya Anas (R.A.) inaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alipita akakuta tende njiani, akasema kwamba lau si kuchelea iwe ni ya sadaka angeila. Wanazuoni wakatoa hapo hukumu kwamba kitu kidogo ambacho mwenyewe hakifuatilii hakina haja ya kutangazwa. Basi kigae kinaangukia hapa, na kwa upande wa mali hakidaiwi na mtu.

Hata hivyo, katika hadithi ya Zayd bin Khalid (R.A.) kuhusu kitu kilichookotwa, kuna jambo ambalo wengi tunalipita haraka. Kabla ya kutangaza, Mtume (S.A.W.) aliamrisha aliyeokota akijue vizuri chombo chake na kamba iliyokifungia. Kwa nini chombo na kamba? Kwa sababu mwenyewe akija atajulikana kwa hivyo. Kitu kikitolewa mahali pake bila kuangaliwa kilivyokuwa, ushahidi umepotea, na haki ya mwenyewe imepotea nao. Wanaakiolojia wanasema hivyohivyo kuhusu tabaka za udongo. Kigae kilichoandikwa kwamba kimetoka chini ya sakafu ya jikoni, pamoja na jivu na mifupa ya samaki, kinasimulia mlo. Kigae hichohicho kikiwa mezani peke yake ni kipande tu cha kauri.

Hivyo ninaona kwamba hata kama kigae si mali, kina haki ya pili, nayo ni haki ya ushahidi. Na ushahidi Qur'ani inaamrisha usifichwe.

Wanaotafuta aibu

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa zaidi. Mabaki ya mji mara nyingi yanatoka jaani na chooni, mahali ambapo watu walitupa walichotaka kisionekane. Kule Gede, karibu na Malindi, James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Nyumba alizozifukua zilipewa majina kwa vitu vilivyopatikana ndani yake: ipo nyumba ya mkasi, ipo ya simbi, ipo ya taa ya chuma. Hata vyoo vyake vimechunguzwa. Fikiri wewe, ndugu yangu, mkasi uliouangusha nyuma ya kitanda uje kuwa jina la nyumba yako miaka mia tano baadaye, na wageni walipe kiingilio kuja kuona ulikokuwa ukijisaidia.

Suratul Hujurat aya ya 12 inatukataza kupelelezana. Je, katazo hilo linakoma mtu anapokufa? Siamini kwamba linakoma. Mtume (S.A.W.) alikataza kuwatukana waliokufa. Na katika hadithi ya Bibi Aisha aliyoipokea Abu Dawud, kuvunja mfupa wa maiti kumefananishwa na kuuvunja akiwa hai. Heshima ya mtu inaingia naye kaburini. Hapa Rwanda tunao mfano wa mwaka 1969, kaburi la Mwami Cyirima Rujugira lilipochimbwa kwa ajili ya elimu. Elimu ilipatikana, na vitu vilivyozikwa naye vikaelezwa katika kitabu. Lakini mtu aliyezikwa hakuwa na nafasi ya kusema ndiyo wala hapana, naye alikuwa mfalme. Mkazi wa kawaida wa mtaa ataulizwa na nani?

Nadhani tunaye mwalimu mzuri wa jambo hili ndani ya mtaa wetu, naye ni mwosha maiti. Yeye huona ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuyaona. Huyaona kwa sababu ya wajibu, hakufuata udaku. Hutandika kitambaa, hugusa kwa kiasi cha haja, na akitoka nje hunyamaza. Katika hadithi iliyopokewa na Al-Hakim, anayemwosha maiti akamsitiri anaahidiwa msamaha mara arubaini. Mchimbaji wa nyumba za waliotangulia angepaswa kujifunza adabu kwake: achimbe kwa haja, afunue kwa kiasi, na ya aibu ayasitiri.

Lakini mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: tukisitiri kila kitu, je, historia yetu haitakuwa uongo? Misafara iliyoleta vikombe vya kauri na nguo za pwani katika nchi za maziwa ilibeba pia pingu. Biashara ya utumwa ilifanywa, na miongoni mwa walioifanya walikuwapo Waislamu. Tukikuta pingu ardhini tuzifukie tena kwa jina la sitara?

Na kwetu Rwanda swali hilo ni zito zaidi kuliko mahali pengine. Hapa jembe la msingi likigonga mfupa, hakuna mtu mzima asiyejua maana yake inavyoweza kuwa. Pale Commune Rouge, Gisenyi hapahapa, watu walipelekwa makaburini kuuawa mwaka 1994. Miaka mingi baadaye bado mabaki ya waliouawa yanapatikana nchini chini ya nyumba na mashamba, na kuna familia zinazosubiri kuzika. Mtu anayekuta mifupa akaifunika kwa zege ili ujenzi wake usicheleweshwe, akasema nafsini mwake kwamba amesitiri maiti, huyo hakumsitiri yeyote isipokuwa muuaji.

Tofauti ni hii, na naomba tuishike. Sitara ni ya aibu ya mtu ambayo haimgusi mwingine: ugonjwa wake, umaskini wake, udhaifu wa nyumbani kwake. Dhuluma haiingii hapo, kwa sababu ndani ya dhuluma kuna haki ya mtu wa pili, na hakuna anayeweza kusamehe haki isiyokuwa yake. Suratun Nisaa aya ya 148 inasema wazi kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yadhihirishwe, kisha inamtoa katika katazo hilo aliyedhulumiwa. Aliyedhulumiwa akiwa amekufa, mfupa wake ndio ulimi wake uliobaki. Kwa hiyo pingu zionyeshwe na zielezwe. Mifupa ikionekana kazi isimame, viongozi wa mudugudu waarifiwe saa ileile, na marehemu azikwe kwa heshima na jina lake likipatikana. Bali kama chupa ya pombe imekutwa chooni kwa mzee ambaye mtaa mzima unamkumbuka kama imamu, hiyo mwosha maiti angejua la kufanya.

Wanaotafuta kuwa wa kwanza

Jambo la tatu linatugusa sisi Waislamu wa Rwanda kwa namna ya pekee. Sote tumesikia neno "Umuswahili" likitumiwa kumaanisha mtu mjanja asiyeaminika, mtu asiye na kwao. Kwa hiyo kijana wa mtaa akikuta kigae cha zamani, jambo la kwanza linalomjia ni kusema: hiki hapa, tulikuwapo, ardhi inatushuhudia.

Ninaielewa furaha hiyo, na ninayo pia. Kule Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba chini ya msikiti wa mawe palikuwa na misikiti mingine iliyopangana mmoja juu ya mwingine, hadi msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Ugunduzi huo ulisaidia sana kuwajibu waliodai kwamba miji ya pwani ni mji wa wageni waliopandikizwa tu. Walikuwa wenyeji, wakasilimu, wakajenga kwa miti kabla ya kujenga kwa mawe. Ushahidi wa namna hiyo unaondoa uongo, na kuondoa uongo ni ibada.

Ila tuwe waangalifu sana. Katika nchi yetu, hoja ya nani alitangulia na nani alikuja baadaye ilifundishwa shuleni kama elimu, na mwisho wake tunaujua. Waliofundisha walisema kundi fulani ni wageni kutoka mbali, na maneno hayo yakaja kuwa sababu ya kuua. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba akiolojia ni vigae tu visivyodhuru. Ukikifanya kigae kuwa hati ya kumiliki, aliye na kigae cha chini zaidi atakuja kukutoa wewe.

Tazameni jirani zetu wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika mitaa na nyumba. Watu waliokimbilia huku kwetu walirudi siku chache tu baadaye, wakavunja mawe yaleyale ya lava na kujenga juu yake. Leo kuna vijana wa umri wa chuo kikuu waliozaliwa juu ya lava ile, na chini yao kuna mji mwingine mzima ambao hawajawahi kuuona. Je, wao si watu wa Goma kwa sababu tabaka lao ni jipya? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Mtu ni wa mahali kwa kuishi hapo, kwa kusalimiana na jirani, kuzika pamoja na kufanya umuganda pamoja. Suratul Hujurat aya ya 13 inatuambia tuliumbwa mataifa na makabila tujuane, na ubora umewekwa katika ucha Mungu. Hakuna mahali ulipowekwa katika urefu wa ukaaji.

Kwa hiyo tukitaka kuonyesha kwamba tulikuwapo, tuonyeshe kwa ajili ya kujuana. Na ninashuku kwamba vigae vyenyewe vingetusaidia, kwa sababu jiko halina kambi. Mtawala aliweza kuchora mstari kwenye ramani na kudai kibali, lakini chungu kilinunuliwa kwa mfinyanzi wa kilimani, maharage kwa mkulima jirani na samaki kwa mvuvi wa Kivu. Mke wa Mswahili mara nyingi alikuwa binti wa hapahapa, na alikuja na mapishi ya mama yake. Ramani imehifadhi utengano, ila masizi ya chungu yanakumbuka ujirani.

Tufanye nini sisi wanafunzi?

Sisemi tuwe wachimbaji. Kuchimba kuna wataalamu wake na sheria zake, na anayechimba bila elimu anaharibu kuliko anayeacha. Lakini yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, nyumba ya mtaani inapovunjwa kwa ajili ya ujenzi, mmoja wetu apite na simu yake apige picha kuta, milango, jiko na kisima, na aandike ni nyumba ya nani na ilijengwa lini, kwa idhini ya wenyewe. Hiyo ndiyo kujua chombo na kamba yake. Pili, tukae na wazee wetu. Wapo akina bibi wanaokumbuka maisha ya mtaa wakati wa Wabelgiji, na kila mwaka tunasoma khitma zao. Kigae bila bibi wa kukieleza ni bubu. Tatu, tusinunue wala kuuza vitu vya kale, hata kama bei ni nzuri. Nne, mfupa ukionekana, tusiwe wa kunyamaza. Tano, tunapohadithia tuliyoyakuta, tujiulize kwanza: ninaondoa uongo, au ninafungua aibu ya mtu? Ninatafuta kujuana, au ninatafuta kumtoa mtu?

Huenda mtu akasema haya ni mambo madogo, na umma una matatizo makubwa zaidi. Namjibu kwamba sisi pia tutakuwa tabaka. Vikombe vya plastiki tunavyotupa, kadi za simu, vipande vya vigae vya bafu na misuaki yetu vitalala chini ya mtaa, na watu tusiowajua watasimama juu yake na kuamua ni vya nani. Tungependa wavishike kwa mkono wa namna gani? Mtume (S.A.W.) alipopita na sahaba zake Al-Hijr, kwenye majumba ya Thamud, aliwaambia wasiingie isipokuwa wakiwa wanalia. Wale walikuwa watu walioangamizwa kwa kufuru yao. Seuze watu waliokuwa wakisoma Fatiha ileile tunayoisoma, katika mtaa uleule, wakaondoka bila hata jina lao kuandikwa mahali.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika mitaa yetu, awasitiri kama tunavyotaka kusitiriwa, na aturuzuku elimu yenye manufaa pamoja na adabu ya kuibeba. Amin.

Wabillahi tawfiq.